Uzi wa Kijani, Karibu na Dirisha

Clovis Mulenga aliuza rangi za nyumba katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Lubumbashi, na hakuweza kutofautisha nyekundu na kijani. Msicheke. Makopo yana maandishi. Mteja akitaka kijani cha majani ya mpapai, Clovis husoma, hushusha kopo, husema rangi hii inapendeza sana kwenye ukuta wa nje, na mpaka leo hakuna ukuta uliokuja dukani kulalamika. Damu, matofali, majani, udongo, vyote machoni pake vilikuwa watoto wa mama mmoja. Alizaliwa hivyo. Shuleni alichapwa kwa kuchora mti wenye majani ya rangi ya matofali, na tangu siku hiyo aliamua kwamba mambo ya macho yake hayamhusu mtu. Hata mkewe Abigaïl hakujua. Abigaïl aliwaambia rafiki zake kuwa mumewe ana ustaarabu wa mavazi, maana havai ila kijivu na nyeupe.

Siri hiyo ingezeeka naye kwa amani kama mama mkwe wake asingepasuliwa jicho.

Mama Marceline, mama yake Abigaïl, alikuwa mjane wa Kasungami, pembezoni mwa mji, binti wa mfanyakazi wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini, Mkatoliki wa kusali rozari hata akiwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Kazi yake ilikuwa kufuma: kofia na soksi za watoto wachanga, sweta za wanakwaya, shali za wazee. Na mfumaji yeyote atakuambia, kufuma ni nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine ni kukusanya uzi. Mama Marceline alikusanya. Uzi mpya, uzi wa zawadi, na zaidi ya yote uzi wa kufumua. Akiona sweta kwenye mitumba haoni sweta, anaona uzi uliofungwa vibaya. Anainunua, na jioni hiyo hiyo haipo tena, imekuwa donge.

Kisha mtoto wa jicho akamwingia macho yote mawili. Kwa muda alifuma kwa vidole tu, mpaka alipomfumia mwanakwaya mmoja sweta yenye mkono mmoja wa bluu na mwingine wa njano, na padri akasema ni nzuri sana. Padri akisifu namna ile, ujue mambo yameharibika. Mama akakubali kwenda kliniki ya macho. Wakapanga kuanza na jicho la kulia, na la kushoto Jumanne ya wiki inayofuata. Masharti yalikuwa machache: asiiname, asibebe kitu, asilie.

Ili awe karibu na kliniki, alikuja kukaa nyumbani kwa Clovis, na alikuja na uzi wake wote, magunia kwa magunia, kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza na bati la Kasungami linavuja. Njiani magunia yakapasuka. Rangi alizozitenga miaka na miaka zikaingiliana kama makabila sokoni.

Abigaïl ndiye angezipanga upya. Lakini Abigaïl anafanya biashara ya samaki wakavu, na samaki hawangoji jicho la mtu lipone. Mama yake alipotoka kwenye upasuaji salama, jicho limefungwa kitambaa, yeye akapanda lori kwenda Kilwa, ile ya kando ya ziwa, akisema ni siku mbili tatu. Mvua ikanyesha, lori likazama. Simu yake ya mwisho ilisema wako kwenye matope, Clovis amsaidie mama kwa lolote atakalotaka, kisha mtandao ukakatika.

Hapo ndipo mwanamume huyu alipobaki nyumba moja na mama mkwe wake.

Kama hujui ukwe wa watu wa kwetu, sikiliza. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Hamshiki mkono, hali naye, haingii chumba anacholala. Akiwa na neno, anamtuma mtu. Si chuki, ni heshima, na heshima ya namna hiyo inachosha kuliko chuki. Miaka yote ya ndoa yake Clovis alikuwa anamjua Mama Marceline kwa viatu. Viatu vyake vilikuwa kandambili za bluu, na bluu, namshukuru Mungu kwa niaba yake, Clovis aliiona vizuri.

Mjumbe wao alikuwa Honorine, jirani, aliyekuja asubuhi na jioni kumpikia mama na kumtia dawa ya jicho. Honorine akishaondoka, hapakuwa na wa kutumwa. Kwa hiyo walilitumia frigo, yaani jokofu. Frigo lilisimama kwenye korido, kati ya sebule na chumba cha mama, na lilikuwa na adabu kuliko watu wengi. Mama, akiwa chumbani, angeliambia frigo limjulishe mwenye nyumba kwamba chai imepoa. Clovis, akiwa sebuleni, angelijibu frigo kwamba anaipasha moto tena. Umeme ukikatika, frigo linanyamaza na mazungumzo yanakwenda vizuri. Umeme ukirudi, linaunguruma, na mama analaumu kwamba linamkatiza.

Siku moja kabla ya kitambaa kutolewa, mama aliliita frigo kwa sauti ya mtu mwenye jambo.

"Frigo, ambia mukwe apange uzi yangu. Ya vert ikae ku dirisha, ya rouge ku mulango, ya brun mu katikati. Yeye eko na macho muzima. Siku watafungua jicho yangu, nitaangalia kama inaona sawa ya mukwe."

Kijani dirishani, nyekundu mlangoni, kahawia katikati. Akaeleza sababu, na frigo likasikiliza. Daktari atanyanyua vidole na kuuliza ni vingapi, na vidole mtu anaweza kubahatisha. Uzi haubahatishwi. Kama jicho jipya litaona kama alivyoona mkwe, limepona, na Jumanne atalipeleka la kushoto. Kama halitaona hivyo, basi limeharibika, na hakuna atakayeligusa la pili. La kushoto lilikuwa na ukungu, lakini ukungu ni bora kuliko giza. Na Honorine asiambiwe. Honorine naye ni mfumaji, vidole vyake vinapenda uzi wa watu, na mdomo wake haujui kulala: akisikia kitu asubuhi, shirika zima la parokia linakisali jioni.

Clovis alitaka kukataa. Lakini tangu aoe, mama yule hakuwahi kumwomba kitu. Utamwambiaje hapana? Akaliambia frigo kwamba ni heshima kubwa kwake.

Alimwaga magunia sebuleni, akaketi katikati ya uzi. Nyeupe, nyeusi, njano na bluu alizimaliza kwa fahari. Baada ya hapo zikabaki zile nyingine, kilima kizima, na kilima kizima kilikuwa na rangi moja. Akaenda dukani, akarudi na kadi za rangi, zile wanazoonyeshwa wateja, kila kipande na jina lake chini. Akaweka donge juu ya kadi iliyoandikwa nyekundu, likafanana. Akaliweka juu ya kadi ya kijani, likafanana vilevile. Ndipo akagundua, mtu mzima na kazi yake, kwamba kadi ile inamsaidia yule tu anayeona. Mwisho aliamua kutumia vidole. Uzi wa kukwaruza akauhesabu kuwa kahawia, uzi laini kuwa nyekundu, uzi wa kuteleza kuwa kijani. Sijui sayansi hiyo aliitoa wapi. Alijaza mabeseni matatu, akayaweka dirishani, mlangoni na katikati ya sebule, na kwa mbali kazi ilionekana safi. Yeye mwenyewe aliridhika.

Kesho yake Honorine alimrudisha mama kutoka kliniki akiwa na miwani myeusi, akaenda zake kupika kwake. Clovis akasimama kwenye korido, macho chini, kama inavyopasa. Kwa hiyo mambo yote aliyaona kwa kandambili. Kandambili zilikwenda dirishani kwa mwendo wa furaha. Zikasimama. Zikakaa pale muda mrefu. Zikaenda katikati, zikaenda mlangoni, kisha zikarudi tena dirishani, na safari hii zilikuwa zinaburuta.

"Frigo," mama akasema, "ambia mukwe asanti. Alipanga muzuri."

Clovis akalala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani kwa kukisia.

Siku iliyofuata, aliporudi kutoka kazini, alipishana na Honorine langoni. Kichwani gunia, mkononi gunia. Honorine alikuwa amevaa uso wa msiba, ila furaha ilikuwa inamtoka pembeni mwa mdomo. Akasema mama ameamua kuacha kufuma, uzee umefika, uzi wote anampa yeye, hii ni safari ya tatu, bado beseni moja tu. Alikwishaanza hata kofia ya mtoto.

Clovis alisimama kwenye korido. Mlango wa chumba ulikuwa wazi kidogo na umeme haukuwepo.

"Frigo," ilisema sauti ya ndani, na ilikuwa imechoka, "ambia mukwe mardi sitaenda. Jicho ilikufa. Mu uzi ya vert minaona rouge. Mu ya rouge minaona vert. Mukwe alipanga muzuri, ni jicho njo mubaya. Asiambie muntu."

Kwa hiyo Jumanne hakuna kliniki. Kisha akaanza kulia, polepole, kwa jicho lililokatazwa.

Nitakuambia ukweli, Clovis alifikiria kwanza kunyamaza. Aliona duka, aliona bosi akiuliza imekuwaje muuza rangi asiyeona rangi. Aliona Abigaïl akikumbuka kila kitambaa alichomwonyesha na kila "kinakupendeza" alilojibiwa. Aliona hata fimbo ya yule mwalimu. Lakini mama alikuwa analia mle ndani kwa sababu ya uongo wake, na angerudi Kasungami na nusu ya ukungu mpaka kufa, akiamini macho ya mkwe kuliko yake. Akapiga moyo konde.

"Frigo," akaanza, "ambia mama..."

Umeme ukarudi. Frigo likatetemeka, likaunguruma kwa nguvu zake zote. Mama akauliza linasema nini. Clovis akarudia, frigo likamzidi. Basi akafanya jambo ambalo hata mlevi wa kwao hajalifanya: akausukuma mlango, akaingia chumba cha mama mkwe, akainua kichwa na kumtazama usoni. Ulikuwa uso mdogo kuliko alivyodhani.

"Mama," akasema, "macho yako iko muzima. Ni yangu njo ilikufa. Miye sionake tofauti ya rouge na vert. Tangu nilizaliwa. Uzi nilipanga paka na vidole tu."

Mama Marceline alimtazama kupitia miwani myeusi kwa muda ambao Clovis angeweza kuuza makopo kadhaa. Kisha akafuta shavu, akasema kwa upole kwamba yeye ni mtoto mwenye adabu, amezaliwa na watu, na uongo wake ni mzuri sana. Hakuamini hata kidogo. Alidhani anatulizwa, kama padri alivyomtuliza kwa ile sweta.

Clovis akaapa. Mama akanyoosha mkono kwenye beseni lililobaki, ambalo Honorine alikuwa amelileta chumbani, akatoa donge, akauliza ni rangi gani. Clovis akasema kijani. Mama akatikisa kichwa, machoni pake lilikuwa jekundu. Akatoa la pili. Clovis akasema jekundu. Mama akatikisa kichwa tena, safari hii taratibu zaidi, na unaona hapo mambo yalikuwa yanaelekea pazuri. Akatoa la tatu. Clovis, bila kujua anafanya nini, akasema kahawia. Lilikuwa la kahawia.

Yote yakaanguka. Mama akasema anaona sasa: mkwe anazijua rangi vizuri, yale mawili ya kwanza aliyakosea makusudi ili kumfariji. Akamshukuru. Ila sheria ni sheria, na mkwe aliyeivunja hulipa faini.

"Uliingia mu chumba yangu, tena uliniangalia mu uso. Ni kuku. Utaleta kuku mweupe, kisha nitarudia ku Kasungami."

Clovis akasema ndiyo mama, akatoka kinyumenyume. Alikuwa amemwaga siri yake yote, na haikumfaa kitu. Aliketi sebuleni akawa na hasira, na mtu wa kumkasirikia hakuwepo isipokuwa yeye mwenyewe, maana bahati yake yote ya maisha iliisha kwenye donge moja la kahawia.

Jumapili baada ya misa alikwenda sokoni. Kuku mweupe si jambo gumu. Nyeupe hata yeye aliijua, angalau hapo alikuwa na uhakika. Akachagua kuku mnene, mtulivu, akamuuliza mama muuzaji kama huyu ni mweupe. Muuzaji akamtazama yeye, akamtazama kuku, akamtazama yeye tena. Akasema chini yake ni mweupe, ndiyo. Clovis alidhani hiyo ni lugha ya wauza kuku, akalipa.

Nyumbani mama alikuwa ameketi sebuleni, mizigo yake miguuni, tayari kwa safari. Clovis akamweka kuku aliyefungwa miguu katikati ya sakafu, akarudi nyuma mpaka ukutani, macho chini.

"Kuku mweupe, mama," akasema. Siku hiyo hata frigo hakulikumbuka.

Mama akavua miwani. Clovis alijua kwa mlio wa miwani ikiwekwa mezani. Kuku akajikohoza. Kisha kandambili mbili za bluu zikajikunja polepole, zikaingia chini ya kiti, kama miguu ya mtu anayepigwa na baridi.

"Asanti, mukwe," akasema mama. "Ni muzuri. Ni mweupe."

Ilikuwa sauti ya mtu anayetupa udongo kaburini. Clovis hakuelewa. Alihisi kwamba amekosea tena, lakini hakujua wapi, na kuku alikuwa pale pale mbele yake, mweupe, labda na vumbi kidogo. Akatamani kuuliza.

Mlango ukafunguliwa, Honorine akaingia na kichupa cha dawa ya jicho, akasita ili asimkanyage kuku.

"Nani alileta kuku ya rose?" akauliza.

Kandambili zikatoka chini ya kiti.

"Rudilia," mama akasema.

Honorine akarudia, akidhani mama sasa ameanza na masikio pia. Kuku wa waridi, waridi kama peremende, kutoka kichwani mpaka mkiani. Akaongeza kwamba si ajabu, ni wa sokoni, wauzaji wanawapaka rangi ili wasichanganyike na wa jirani, ukimwosha anarudi mweupe, kwani nani hamjui yule mama wa kuku wa waridi?

"Mukwe," akasema Mama Marceline. "Weye unamuona namna gani?"

"Mweupe, mama."

"Mweupe."

"Ndiyo, mama. Na vumbi."

Honorine akamtazama Clovis kama anavyotazamwa mtu aliyesahau kuvaa. Waridi ni nyekundu iliyofifia, na ile nyekundu machoni pa Clovis ilikuwa vumbi tu. Na Clovis, kwa mara ya pili katika maisha yake na bila kuomba ruhusa, aliinua macho akamtazama mama mkwe wake usoni. Mama alikuwa ameinama mbele, jambo alilokatazwa, akimtazama kuku yule kwa jicho lake la kulia kama mtu anayesoma barua ya mwanawe. Yeye naye alikuwa amemwona wa waridi tangu mwanzo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na haya nayo yalikatazwa, na alikuwa anacheka, jambo ambalo daktari hakulitaja.

Clovis akasikia moyo wake ukilegea, akapata furaha ambayo hakuipata hata siku ya harusi. Akamkumbusha mama kwamba daktari amesema asilie.

"Mardi utamuambia weye," mama akajibu. "Tutaenda pamoja. Nitamuambia pia namna uko naona kuku."

Akavaa miwani yake, akajiweka sawa kitini, akamgeukia jirani yake.

"Honorine, ile uzi yangu, rudisha."

Honorine, ambaye hakuwa ameelewa lolote tangu aingie, alisema kwa sauti ndogo kwamba kofia imeshafika masikioni.

Mama Marceline akamwambia aifumue.